Sindano ya kupunguza uzito: bima inalipa nini, wewe unalipa nini

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, na karibu zote zinauliza habari ya dawa za kupunguza uzito na nani wa kuzilipia. Tumezifupisha na kuondoa majina. Wanaojibu ni mfamasia na mhakiki wa madai ya bima ya afya.

Dirishani nimeambiwa bima hailipi

*Habari za kazi. Nafundisha sekondari, nina miaka 46 na kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Nina kisukari aina ya pili na presha. Urefu wangu ni sentimita 160, uzito kilo 84. Daktari kaniandikia semaglutide, ile sindano ya sukari na uzito, lakini dirisha la dawa wamesema bima hailipi. Sasa makato yangu ya kila mwezi ni ya kazi gani? – Mwalimu, Uyole*

Mwalimu, unakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye anaweka asilimia 3, halafu unarudishwa dirishani. Inakera. Ila Mfuko haulipii ugonjwa kwa jumla jumla. Unalipia huduma na dawa zilizoandikwa kwenye orodha yake. Daktari anaweza kuandika dawa yoyote halali. Mhudumu wa dirishani hana nafasi hiyo, kwa sababu akitoa isiyomo, dai la hospitali linakatwa na hasara inabaki kwao. Kugombana naye ni kumwonea.

Muulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, je, dawa hii imo kwenye orodha? Taja jina la dawa yenyewe, semaglutide, usitaje jina la biashara kama Ozempic. Pili, kama imo, inatolewa ngazi gani? Kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu kila dawa ina herufi yake: A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, S mabingwa. Dawa ya S ikiandikwa kituo cha afya itakwama hata kama imo. Tatu, je, inataka kibali kabla ya kutolewa? Jibu la kwanza likiwa "haimo", hayo mawili hayana maana tena, na barua ya bingwa haitaongeza jina kwenye orodha.

Huenda umesikia kwamba Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutide na dawa za kundi lake kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa watu wazima wenye kisukari aina ya pili pamoja na maradhi ya moyo au figo na unene uliozidi. Ni kweli. Lakini ile ni orodha ya kuzishauri nchi, na kila nchi ina yake. Haifungui dirisha la dawa Mbeya.

Kadi yako itumie pale inapofanya kazi: kumwona daktari, vipimo vya sukari, figo na mafuta ya damu, metformin, dawa za presha. Pesa ya mfukoni ibaki kwa ajili ya kalamu ya sindano peke yake. Wengi hufanya kinyume: wanakwenda kliniki inayouza "pakeji" ya kupunguza uzito, wanalipia taslimu hata vipimo ambavyo kadi ingevilipa siku hiyohiyo hospitali ya rufaa.

Kuhusu dawa yenyewe: chukua kilo 84, gawanya kwa 1.6 mara 1.6, unapata BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 32.8. Kitabibu unastahili, maana kigezo ni 30 na kuendelea, au 27 kama una ugonjwa unaoendana na unene. Kabla ya kununua, mwonyeshe daktari vidonge vyote unavyomeza. Kama kati yake kuna glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, dozi yake huenda ikapunguzwa. Ikichanganywa na semaglutide inaweza kushusha sukari mpaka ukatetemeka na kuzimia. Metformin haina shida hiyo. Yenyewe ni ya bei ndogo, nayo hupunguza kilo chache kwa baadhi ya watu, hivyo usiidharau kwa kuwa haina jina kubwa mjini.

Sina bima, niandae shilingi ngapi?

*Shikamooni. Nauza mitumba Mwanjelwa, sina bima. Nina kilo 98 na urefu wa sentimita 165. Nimesikia sindano za kupunguza mwili zipo. Nataka kujua mwezi unakula shilingi ngapi, na kama nikikata CHF watanisaidia. – Mfanyabiashara, Mbeya*

Marahaba, dada. Tuanze na CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, maana ni fupi. CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, kwenye vituo vya serikali; ulizia kwanza kama bado inakatwa na kwa bei gani. Itakufaa kwa daktari, kipimo cha presha na cha sukari. Kalamu za kupunguza uzito hazimo. Hata hivyo ikate, kwa sababu vipimo vya mwanzo lazima uvifanye.

Sasa bei. Kuuliza "mwezi ni shilingi ngapi" ndiko kunakowaponza watu, kwa sababu dozi hupanda na mwezi wa kwanza ndio wa bei ndogo kuliko yote. Uliza bei ya kalamu moja, kisha piga hesabu ya kalamu kwa mwaka.

Liraglutide ya kupunguza uzito (Saxenda) huchomwa kila siku. Wiki ya kwanza ni miligramu 0.6 kwa siku, ya pili 1.2, ya tatu 1.8, ya nne 2.4, kisha 3.0 unabaki nayo. Kalamu moja ina miligramu 18. Wiki nne za mwanzo zinakula miligramu 42, yaani kalamu mbili na kidogo, kwa hiyo unanunua tatu. Ukishafika 3.0, kalamu moja inakwisha kwa siku sita: siku 30 ni kalamu tano. Mwaka mzima ni kama kalamu 59. Tuseme famasia imekutajia shilingi 250,000 kwa kalamu, na hii ni namba ya kufanyia hesabu tu. Mwezi wa kwanza utatoa 750,000, mwezi unaofuata 1,250,000, na mwaka milioni 14 na laki saba u nusu. Sindano ndogo za kuchomekea kwenye kalamu hiyo huuzwa kando, moja kwa kila siku. Wauzaji wengi hawalitaji hilo mpaka umeshalipa.

Semaglutide huchomwa mara moja kwa wiki. Unaanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, halafu 0.5. Ozempic, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kisukari, hupanda hadi 1 na mahali pengine 2. Wegovy, ya uzito, hupitia 1.0 na 1.7 hadi 2.4. Kalamu ya dozi nne inamaliza wiki nne, hivyo mwaka ni kalamu 13. Lakini bei ya kalamu ya 0.25 si lazima iwe ya kalamu ya 1. Mwambie mfamasia akuandikie kwenye karatasi bei ya kila dozi, na kama anazo zote. Kuna famasia zinaleta dozi ya kuanzia tu. Ukishapanda, wanakwambia subiri mzigo.

Ukiona mwaka mzima hauwezi, usianze kwa miezi miwili "kujaribu". Katika utafiti mkubwa wa semaglutide ya miligramu 2.4, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68. Walipoachishwa dawa, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichokipunguza. Miezi miwili ya mwanzo ni dozi ya kuzoesha tumbo. Mkopo wa kikoba utaingia hapo na hutaona cha maana. Pia hataza ya semaglutide (haki ya mvumbuzi kuitengeneza peke yake) nchini India ilikuwa na ukomo wa Machi 2026, na viwanda vya huko ndivyo vinavyotuletea dawa nyingi. Kila baada ya miezi michache ulizia kama kuna toleo nafuu lililosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Njia ya bei ya chini ni orlistat ya miligramu 120, kidonge kimoja pamoja na kila mlo wenye mafuta, vitatu kwa siku. Pakiti ya vidonge 84 ni ya siku 28. Inazuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, na mafuta hayo yanatoka yalivyo. Ukila chipsi yai na kuku wa kukaanga halafu ukameza orlistat, usipande daladala. Mlo usio na mafuta, ruka kidonge. Ni akiba pia. Vitamini A, D, E na K hupotea na mafuta hayo, kwa hiyo meza kidonge cha vitamini usiku wakati wa kulala. Matokeo yake ni madogo kuliko ya sindano. Jipime baada ya wiki 12: kama hujapungua asilimia 5, kwako ni kama kilo 5, acha na utunze pesa yako.

Kalamu moja, watu wawili

*Mimi na shoga yangu tunataka kuchangia kalamu moja ya Ozempic. Kila mtu atakuwa na sindano yake mpya. Kuna ubaya? – Kihesa, Iringa*

Upo, na ni mkubwa. Mtu akichoma, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya kalamu yenyewe hata kama sindano ni mpya kila mara. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B na C hupitia njia hiyo. Hata akiba yenyewe ni ndogo: kalamu ya dozi nne mkigawana inawaishia kwa wiki mbili, na mwisho wa mwaka mmenunua kalamu zilezile 26. Mnachookoa ni kutoa pesa nyingi kwa mkupuo. Basi michango iwe ya pesa. Mwezi huu mnamnunulia mmoja yake, mwezi ujao mwingine aanze na yake.

Bima ya kampuni imekataa

*Nafanya kazi kiwanda cha mbao. Mwajiri ametukatia bima binafsi, kadi nzuri tu. Nimepeleka risiti ya dawa ya uzito wakanijibu "haimo kwenye mafao". Naweza kukata rufaa? – Mafinga*

Unaweza, ila kwanza omba mkataba wenyewe kwa ofisi ya utumishi, maana kile kijitabu cha kurasa nne mlichogawiwa hakitoshi. Angalia sehemu nne. Ukurasa wa yasiyolipiwa: bima nyingi binafsi huandika wazi kwamba matibabu ya unene, kupunguza uzito na urembo hayalipwi. Ukiyakuta, rufaa yako imekwisha kabla hujaiandika. Kisha kikomo cha wagonjwa wa nje kwa mwaka. Hata kama dawa ingelipwa, kalamu tatu zinaweza kukimaliza, na mtoto akiugua malaria mwezi Novemba kadi haina kitu. Halafu kikomo cha magonjwa sugu, na mwisho sharti la kibali cha awali. Bima nyingi zikidai kibali kabla ya dawa, risiti ya baada hailipwi, hata ingekuwa na mhuri wa aina gani.

Panapobishaniwa ni hapa. Semaglutide hiyohiyo hutolewa kwa kisukari na kwa uzito. Kama una kisukari kilichothibitishwa kwa vipimo, na fomu iliandikwa "unene" kwa sababu ndilo neno la kwanza mlilolizungumza chumbani, mwombe daktari aandike ugonjwa ulio nao kwa ukamilifu na aambatishe majibu ya maabara. Kama huna kisukari, usimwombe akuandikie. Huo ni udanganyifu wa bima, na anayefutiwa kadi ni familia nzima. Wengine huambiwa na muuzaji wa dawa "tutaandika sukari, usijali". Atakayeitwa kuhojiwa ni wewe.

Rufaa hufuata ngazi. Dai jibu la kukataliwa kwa maandishi likitaja kifungu cha mkataba. Lipeleke kwa kampuni ya bima kama malalamiko rasmi, nakala kwa mwajiri; mwajiri ndiye mteja wao mkubwa na sauti yake inasikika zaidi. Wasipokuridhisha, kuna TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, yenye ofisi ya kanda Mbeya, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Tunza risiti ya EFD, cheti cha daktari na boksi la dawa. Risiti ya mkono isiyo na TIN wanairudisha bila kuisoma.

Ya bei poa, inatumwa kwa basi

*Kuna mtu anauza Ozempic WhatsApp, nusu ya bei ya famasia. Anatuma na basi kutoka Dar. Nimeona picha, ni boksi zuri. – Makambako*

Picha ya boksi haisemi kilichomo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutide bandia zilizokuwa zimekutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ulaya pia kuna waliolazwa kwa sukari kushuka vibaya, ikashukiwa kwamba kalamu zao zilikuwa na insulini chini ya lebo nyingine. Mtu asiye na kisukari akijichoma insulini bila kujua anaweza kufa usingizini.

Tuseme hata ni halisi. Kalamu ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8 za joto. Basi likitoka Dar alfajiri, mzigo ukakaa buti karibu na injini, likakwama mlima Kitonga kwa muda wa saa tatu, unachopokea jioni stendi ni kalamu iliyopikwa. Haibadiliki rangi ili ujue. Wengine hukimbilia upande wa pili: wanaizungushia barafu ngumu, dawa inaganda. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Inayosafirishwa sawasawa huwekwa kwenye kisanduku baridi, vipande vya barafu vikitenganishwa na kalamu kwa kadibodi au taulo.

Nyumbani iweke katikati ya friji. Usiiegemeze kwenye ukuta wa nyuma au chini ya friza, ndiko inakogandia. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Ukishaanza kuitumia, Ozempic huvumilia wiki sita chini ya nyuzi 30, na Saxenda mwezi mmoja. Baridi ya Makambako mwezi wa saba ni msaada kwa kalamu iliyoanza kutumika, ila usiiache kwenye gari usiku kucha.

Nunua kwenye famasia yenye mfamasia, siyo duka la dawa muhimu la mtaani, ambalo haliruhusiwi kuuza dawa za namna hii. Nambari ya toleo kwenye boksi ifanane na iliyo kwenye kalamu. Unga wa kuchanganya mwenyewe na maji, kataa moja kwa moja. Ukishuku kitu, ofisi ya TMDA ya kanda iko Mbeya; wapelekee boksi na kalamu vyote.

Na kwa walioandika wakiuliza habari ya chai na vidonge vya "kukata tumbo siku saba": nyingi ni dawa za kuharisha, kinachopungua ni maji. Baadhi zimekamatwa nchi mbalimbali zikiwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhofiwa kuleta kiharusi na mshtuko wa moyo.

Dada yuko Marekani

*Dada yangu anaishi Texas, ana bima ya kazini. Anaweza kuichukua kwa bima yake akanitumia? – Tukuyu*

Hapana. Dawa itakuwa imeandikwa kwa jina lake na kulipiwa kwa ugonjwa wake. Kukutumia ni kosa kwa bima yake. Kadi za punguzo za watengenezaji nazo ni za wakazi wa huko. Wala usidhani kule ni mteremko. Bei ya orodha ya Wegovy ilikuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi, na sheria ya mwaka 2003 iliuzuia mpango wa dawa wa Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kulipia dawa za kupunguza uzito peke yake. Mwaka 2024 walipata mwanya kwa wenye ugonjwa wa moyo, baada ya Wegovy kuidhinishwa kwa kazi hiyo. Dada akitaka kusaidia, atume pesa, ununue huku dawa iliyosajiliwa ambayo mfamasia wake unamjua kwa sura.

Pesa imekata katikati

*Nilifika miligramu 1 ya semaglutide, biashara ya viazi ikayumba, nimekaa wiki tano bila kuchoma. Sasa nimepata kalamu ya 1. Niendelee? – Mfanyabiashara, Njombe*

Usiichome hiyo bado. Ukichelewa dozi moja kwa Ozempic, unaweza kuichoma ndani ya siku tano. Zikipita, unaruka na kusubiri siku yako ya kawaida. Wiki tano ni habari nyingine: tumbo limeshasahau. Ukirudi na miligramu 1 moja kwa moja, kutapika kunaweza kukufikisha wodini ukitundikiwa maji, na hiyo ni gharama mpya. Kwa kawaida daktari atakurudisha 0.25 au 0.5 na kupanda tena taratibu. Kwa hiyo kabla ya kuifungua kalamu ya 1, muulize mfamasia kama ataibadilisha kwa ya dozi ndogo. Ikiwa haijatoka kwenye friji lake anaweza kukubali, ikishafika nyumbani kwako hawezi. Nenda kliniki na tarehe ya dozi ya mwisho, kipimo chake, na uzito wako wa leo. Na kama mmepanga mtoto na anayetumia ni mwanamke, aiache angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba.